Wewe Mtoto wa Nani? Majina ya Fankisheni Zinazozaliwa na Kompaila

Mhadhara wa umma uliotolewa mjini Same



Hivi karibuni nilimwandikia rafiki yangu aliyeko ughaibuni ujumbe mfupi: “Nimefika Same salama.” Simu yake hutafsiri ujumbe yenyewe, hata asipoiomba. Akanipigia anacheka. Kiingereza alichokisoma kilisema nimefika “vilevile” salama. Herufi ni nne tu, s, a, m, e. Kwetu ni mji, ni stendi ya mabasi, ni upepo wa jioni unaopiga kutoka milimani. Kwa Mwingereza ni neno la kusema “ileile”. Mashine ilisoma herufi zote sawasawa. Ilichokosa ni kujua jina lile linatoka wapi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kazi iliyonilisha miaka yote hii ni kushughulikia mikosi ya aina hiyo ndani ya kompyuta. Leo nitazungumza juu ya majina, ila si ya watu wala ya miji. Ni majina ya fankisheni, na hasa zile ambazo hakuna binadamu aliyezipa jina. Zilizaliwa na mashine, na mashine ikazibatiza. Wazee mnisamehe, nitajitahidi nisiwaache njiani. Hoja yangu ni moja: jina ambalo mashine hukipa kitu ilichokizaa ni njia ya kurudi kwa mtu aliyekisababisha. Njia hiyo ikikatika, hakuna tena wa kuulizwa.

Maji yamekatikia wapi?

Fankisheni ni fungu la maagizo lenye kazi yake. Moja hupima gunia, nyingine hukokotoa malipo, nyingine huandika risiti. Mwandishi wa programu huyaandika maagizo hayo kwa lugha anayoielewa yeye. Kisha kompaila huyageuza kuwa namba ambazo prosesa inaweza kuzitekeleza, na tunapata faili tekelezi, ile inayokaa kwenye simu yako na kufanya kazi.

Prosesa yenyewe haina haja na jina lolote. Inaambiwa ruka hadi anwani fulani, inaruka. Kwa nini basi faili tekelezi hubeba jedwali la majina? Kwa sababu ya wawili. Wa kwanza ni kiunganishi, programu inayoshona vipande vilivyoandikwa na watu mbalimbali; huyo hutafuta kwa jina ili ajue nani anamwita nani. Wa pili ni sisi, siku kitu kinapoharibika.

Wakazi wa vijiji vya Bangalala na Vudee wananielewa haraka zaidi. Ndiva, lile bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji ya usiku, asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka mferejini kwa zamu. Zamu yako ikifika na maji yasifike, unachukua jembe unapanda. Unafuata mfereji kuelekea juu, kila panapogawanyika unasimama, unatazama, unauliza. Ukirudi na neno kwamba maji yamekatikia chini kidogo ya ndiva ya Manoo, shauri limekwisha nusu, kwa sababu Manoo kila mtu anaijua na kamati ina mtu wa kumwita.

Programu inapokufa huacha njia kama hiyo: orodha ya miito, nani alimwita nani, kutoka mahali ilipoangukia hadi ilipoanzia. Mtengenezaji huipanda orodha ile kama mkulima anavyoupanda mfereji. Jina baada ya jina, anafika.

Lugha za siku hizi, hata hivyo, zinamruhusu mwandishi aandike fankisheni ndogo katikati ya nyingine bila kuipa jina, mfano wa mchepuko uliochimbwa usiku. Ni jambo zuri, linaokoa muda na kupunguza maneno. Ila kompaila haiwezi kupeleka kwenye jedwali kitu kisicho na jina. Lazima ibuni. Na hapo ndipo tabia ya kila kompaila hujulikana.

Kiambishi hakikuanzia maabara

Kabla sijafika huko, tuangalie majina yetu wenyewe. Mgeni akikutana na jina Mmbaga huuliza kwa nini m ziko mbili. Sisi tunajua: m ya kwanza ni ya mtu, kilichobaki ni Mbaga, jina la mahali. Msangi na Usangi, Mgweno na Ugweno, Mchome na Chome, Mgonja na Gonja. Mzizi ni mmoja. Kinachobadilika ni kiambishi, nacho kinakuambia kama anayezungumziwa ni mtu, watu, nchi au lugha.

Na jina hubeba zaidi ya mahali. Ukiitwa Mshana, umebeba ukoo wa wahunzi, wafua chuma wa milima hii. Ukiitwa Msuya, umebeba ukoo ulioutwaa utawala wa Ugweno kutoka kwa hao Washana. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1969 historia ya siasa ya Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900. Kwa sehemu kubwa ya karne hizo hakukuwa na karatasi. Aliegemea masimulizi ya koo: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Alipanda mfereji wa majina.

Sasa niwaonyeshe mashine ikifanya jambo hilo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bjarne Stroustrup alikuwa kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, anaunda lugha ya programu iliyokuja kuitwa C++. Kompaila yake, Cfront, iliyotoka kibiashara mwaka 1985, ilizalisha maandishi ya lugha ya C, kisha zana za kawaida za C zikamalizia. Lugha mpya iliruhusu fankisheni mbili ziitwe jina moja, mradi zinapokea vitu vya aina tofauti. Kiunganishi cha wakati ule hakikujua habari hizo. Kilijua majina matupu. Gawa ya namba na gawa ya maneno zingegongana pale pale. Dawa iliyopatikana ni kuiandika aina ya vitu ndani ya jina lenyewe.

Leo kompaila kubwa kama GCC na Clang, kwenye mashine za Linux, hufuata kanuni moja. Nikiwa na eneo la majina liitwalo ndiva, na ndani yake fankisheni gawa inayopokea namba kamili, jina litakaloingia kwenye jedwali ni hili:

_ZN5ndiva4gawaEi

Msiogope. Alama zile za mwanzo, _Z, zinasema kwamba jina hili limetengenezwa na mashine. Kiwango cha C kimewakataza waandishi wa kawaida kuanza jina kwa kistari cha chini kinachofuatwa na herufi kubwa, kwa hiyo halitagongana na la mtu. N inafungua ukoo. 5ndiva: herufi tano zinafuata, ndiva. 4gawa: herufi nne, gawa. E inafunga. Na i ya mwisho ni aina ya kile kinachopokelewa, namba kamili.

Wanafunzi wa nchi nyingine huliona jina hilo kama takataka. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kushtuka. Sisi kila siku tunasema “anakipima” na “kinampima”. Ndani ya neno moja umeambiwa nani anatenda, wakati gani, na mtendwa ni wa ngeli ipi. Kitenzi chetu hubeba aina za washiriki wake, na mtoto wa darasa la kwanza hukifumbua bila kufundishwa.

Hata viambishi tamati vipo. Kompaila inapoboresha programu huchukua fankisheni yako na kuizalia wenzake. Fankisheni iitwayo pima, ikipita mikononi mwa GCC, inaweza kukutana nawe kama pima.constprop.0, nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya thamani inayojulikana mapema, au pima.isra.0, ambayo vitu inavyopokea vimebadilishwa, au pima.part.0, kipande kilichokatwa, au pima.cold, sehemu isiyotumika mara kwa mara iliyosogezwa pembeni. Pima, pimwa, pimia, pimisha. Na nukta ile imechaguliwa kwa akili: lugha ya C haimruhusu mwandishi kuweka nukta ndani ya jina, kwa hiyo mashine imejitengea alama ambayo binadamu haigusi. Java ilifanya vivyo hivyo kwa alama ya dola. Waandishi wameshauriwa waiache kwa ajili ya majina yanayozalishwa na mitambo.

Kifungua mimba asiye na namba

Jina zuri la kitu kilichozalishwa linatakiwa kuwa na sifa tatu. Liwe la peke yake, lisigongane. Lionyeshe asili, ujue limetoka kwa nani. Na lidumu: likiwa hivi leo, kesho liwe hivyo hivyo kama hakuna aliyekigusa kitu chenyewe. Mbili za kwanza ni rahisi kuzipata pamoja. Ya tatu ndiyo inayotusumbua.

Tazama lugha zinavyowabatiza watoto hawa wasio na jina. Python huwaita wote jina moja, <lambda>, na kukuachia namba ya mstari ili uwatofautishe. Upekee umeachwa, ila mahali pamehifadhiwa. Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, huandika lambda$main$0, kisha 1, kisha 2: jina la mama, hapa main, fankisheni ambamo programu huanzia, halafu namba ya mtoto. Go huandika main.main.func1, na mtoto akimzaa mwingine, jina linarefuka kwa nukta na namba nyingine. JavaScript, tangu mwaka 2015, huangalia fankisheni imewekwa kwenye kigeu kipi, na kuipa jina la kigeu hicho. Kama mtoto wa jirani mnayemjua kwa jina la nyumba anamolelewa.

Na C++? Fankisheni ya kwanza isiyo na jina ndani ya main, isiyopokea kitu, hutoka hivi:

_ZZ4mainENKUlvE_clEv

Somo liko katikati, pale penye UlvE_. Wa kwanza hana namba kabisa. Wa pili wa aina hiyo hiyo huandikwa UlvE0_, na wa tatu UlvE1_. Kwa hiyo ukiona sifuri, jua huyo ni wa pili. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu swali hilo kwenye mtihani, na kila mwaka wengi wanamkosea kifungua mimba.

Mmeona wanavyofanana wengi wao? Ni jina la mzazi na namba ya mfuatano. Asili ipo, upekee upo. Ila namba ya mfuatano haina uaminifu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi yetu ilipitia operesheni ya anwani za makazi: barabara zikapata majina, nyumba zikapata namba. Fikirini kama kila mtu akijenga kibanda kipya mwanzoni mwa mtaa, nyumba zote zinazofuata zingehesabiwa upya. Barua yako ingefika kwa jirani, na jirani angeifungua kwa nia njema kabisa.

Yalinikuta mwenyewe. Niliwahi kuandika programu ya mizani kwa ajili ya kituo kimoja cha kununulia tangawizi huko juu Mamba. Programu ikianguka, ilinitumia ujumbe mfupi. Kwa kubana bando, nilikuwa nimeiagiza itume jina la fankisheni tu, bila jina la faili wala namba ya mstari. Siku moja, mvua inanyesha, watu wamepanga magunia, ujumbe ukaingia: main.main.func7. Nikafungua msimbo wangu, nikahesabu hadi ya saba, nikaikuta inahusu kuchapa risiti. Nikaichambua usiku kucha, nikaibadilisha, nikatuma toleo jipya. Asubuhi mizani ikaanguka tena.

Kosa lilikuwa hili. Toleo lililokuwa kituoni lilikuwa la majuma mawili nyuma. Katika majuma hayo mawili nilikuwa nimeongeza fankisheni ndogo moja isiyo na jina, mwanzoni kabisa. Watoto wote wakasogea. Aliyekuwa wa saba kituoni alikuwa wa nane kwangu, naye hakuhusika na risiti. Alihusika na kutoa uzito wa gunia tupu. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto asiye na hatia, na wakulima wamesimama mvuani.

Mnaweza kusema, basi tuache namba za mfuatano, tutengeneze alama kutokana na maudhui ya fankisheni yenyewe. Wapo wanaofanya karibu na hivyo, wakaongeza kwenye jina mlolongo wa tarakimu uliokokotolewa. Mlolongo huo ni nadra kugongana. Lakini ukisahihisha herufi moja, mlolongo wote unageuka, na macho ya binadamu hayaoni humo ukoo wala mji. Wengine hutumia namba ya mstari. Ukiongeza mstari mtupu juu, yale yale. Kila njia hulipa upande mmoja kwa kukopa upande mwingine.

Wanaotunza kiini cha Linux wanaujua mzigo huu. Kiini kile kina utaratibu wa kubandika kiraka mashine ikiwa inafanya kazi, bila kuizima. Kiraka hutaja kwa jina fankisheni inayobadilishwa. Lakini ndani ya kiini zimo fankisheni zilizoandikwa katika mafaili tofauti zikiitwa jina moja, kwa hiyo jina halitoshi. Inabidi useme pia ni ya ngapi kati ya wenye jina hilo. Ni Juma, lakini Juma yupi? Juma wa pili. Ukikosea, unaibandika kiraka fankisheni ya mtu mwingine kwenye mashine iliyo hai.

Jina linapofutwa

Lipo jambo moja baya kuliko jina linalohama, nalo ni jina lililofutwa. Kwa kuwa prosesa haihitaji majina, watengenezaji wengi huyafuta kabla ya kutuma programu kwa wateja. Faili inapungua, na siri za biashara zinafichika kidogo. Siku ya kuanguka, unachopata ni safu ya anwani za namba. Fundi hana anachoshika.

Sisemi kwamba kila programu ibebe majina yote. Ipo njia ya wastani, nayo ni ya zamani: faili ya majina inawekwa kando, na ndani ya faili tekelezi inabaki alama ya utambulisho inayooana na ile iliyohifadhiwa. Ni kama risiti na nakala yake inayobaki kitabuni. Mteja anaondoka na karatasi nyepesi. Siku ya mabishano, kitabu kinafunguliwa. Anayetupa kitabu ndiye amekata njia.

Mji huu unajua uzito wa kitu kisichoulizika. Katikati ya miaka ya 1940, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaja hapa Same kuipinga mbiru, kodi ya madaraja. Profesa Kimambo alikiandikia kisa hicho kijitabu kizima. Mtu alipangiwa daraja, na daraja likawa kiasi cha fedha. Alitaka kujua limepatikanaje na nani amelipanga. Leo mkulima akikataliwa mkopo na programu, au mizani ikimkata kilo mbili, anauliza swali lile lile. Mwenye programu akijibu kwamba “mfumo umesema”, ni kwa sababu ndani ya mfumo kuna kitu kisicho na jina, na yeye mwenyewe hawezi kukifuatilia hadi kwa aliyekiandika.

Ninachowaomba

Kwa vijana mnaojifunza kuandika programu nina maombi mawili. La kwanza: lugha ikikuruhusu kuacha fankisheni bila jina, iache pale tu inapokuwa ya mstari mmoja na haiwezi kuanguka. Ikiwa inagusa fedha, uzito au jina la mtu, ibatize wewe mwenyewe. Kompaila ikibatiza kwa niaba yako, mara nyingi itatumia hesabu. La pili: msione haya kubatiza kwa Kiswahili. Kompaila haijali. Mzizi ukiwa wetu, viambishi vya mashine vitalizunguka neno, nalo litabaki linaonekana katikati.

Kwa wanaonunua programu, wakuu wa idara na viongozi wa ushirika mlioko hapa: kabla ya kulipa, ulizeni faili ya majina inahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Swali hilo halihitaji shahada.

Nimalizie kisa cha mizani. Nilipogundua kosa langu, nilifanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Ile iliyokuwa ya saba kituoni niliipa jina: toaUzitoWaGunia. Miezi kadhaa baadaye programu ikaanguka tena, nami nilikuwa safarini. Kijana anayesimamia mizani, ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu maishani mwake, aliuona ujumbe kwenye simu ya kituo akaweza kuusoma. Akanipigia.

“Shikamoo mwalimu. Imegoma tena, inasema kutoa uzito wa gunia. Nimeangalia, kuna mtu ameingiza uzito wa gunia tupu kuwa kilo sabini. Nirekebishe au nikungoje?”

Nikamwambia arekebishe.